Sura ya Sita: Kifaa Chakavu ni Shahidi

Gari likiharibika, wengi wetu huuliza swali moja tu: kifaa gani kimekufa, na kipya ni shilingi ngapi? Swali la pili, ambalo ndilo lenye faida zaidi, huulizwa kwa nadra: kimekufa kwa sababu gani? Plagi, koili, gasketi ya manifoldi, sensa ya oksijeni, masega ya kusafisha moshi, sailensa ya nyuma, vyote hivi mara nyingi hufa kabla ya siku zake kwa sababu ya kitu kingine, na kitu hicho huwa bado kimo ndani ya gari wakati kifaa kipya kinafungwa. Hoja ya sura hii ni kwamba jibu la swali la pili limeandikwa kwenye kifaa kibovu chenyewe, na kwamba sehemu kubwa ya maandishi hayo husomeka kwa muda mfupi sana, yaani wakati kifaa kinapotoka mahali pake. Kikishatupwa kwenye ndoo pamoja na vyuma vingine, kinabaki chuma tu. Ndiyo maana ninashikilia kwamba mwenye gari aliye na spana za kawaida, sehemu tambarare na jioni moja ya nafasi, ana sababu nzuri ya kufungua mwenyewe vile vifaa vinavyofunguka nyumbani kwa usalama. Fedha ya ufundi itaokoka, lakini hiyo si sababu yangu. Sababu yangu ni kwamba nyumbani mtu anaweza kufungua polepole, na kufungua polepole ndiko kunakomwezesha kuona.

Tuanze na plagi, maana hapo hoja inaonekana kwa macho. Katika injini nyingi ndogo za petroli zilizojaa barabara zetu, kama 1NZ ya Toyota inayobebwa na IST, plagi nne zimezama kwenye mashimo marefu juu ya hedi, na kila moja imefunikwa na koili yake. Tuseme gari limeanza kumisi. Ukichomoa koili taratibu na kumulika tochi ndani ya shimo kabla ya kugusa plagi, unaweza kukuta oili imetuama chini, imeizunguka plagi kiunoni. Oili hiyo imetoka juu, imepenya kwenye sili za mpira za tapeti kava ambazo joto limezikakamaza. Sili hizo ni za bei nafuu na kuzibadilisha ni kazi ya saa chache. Hali nyingine ni hii: shimo ni kavu kabisa, lakini plagi ikitoka, ncha yake iliyokuwa ndani ya silinda imelowa oili nyeusi. Hiyo imepanda kupitia ringi za pistoni au imeshuka kupitia sili za valvu, na hapo sasa mnazungumzia kufungua injini. Kinachotenganisha gharama ndogo na gharama kubwa ni sentimita chache za mahali oili ilipokaa. Na alama hiyo hufutika kwa kitendo kimoja tu. Mtu akifungua plagi bila kukausha shimo kwanza, oili iliyotuama hushuka, hulowesha uzi na ncha, na plagi iliyokuwa na shida ya sili ya mpira inatoka ikiwa na sura ya plagi ya injini iliyokwisha. Mwenye gari anaweza kushauriwa kununua injini nyingine kwa kosa la sekunde tano.

Kanuni ya pili inatokana na hiyo: kila kilichotoka kibaki na mahali pake. Kata kipande cha boksi, toboa matundu manne, yaandike 1 hadi 4 kuanzia upande wa mkanda wa feni, kisha chomeka kila plagi kwenye namba ya silinda yake. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni ya silinda inayochoma vizuri. Masizi makavu meusi yanasema petroli ni nyingi kuliko hewa, au cheche ni dhaifu. Weupe wenye malengelenge unasema joto limezidi, pengine kwa sababu hewa imezidi petroli. Ikiwa tatu zina rangi moja na ya nne imetakata kana kwamba imeoshwa, huku maji ya rejeta yakipungua bila kuonekana yanakovujia, kuna sababu ya kushuku kwamba maji yanaingia kwenye silinda ile kupitia gasketi ya hedi. Zote nne zikiwa nyeusi, tafuta chanzo kinachozihusu zote, kama chujio la hewa lililoziba. Moja tu ikiwa nyeusi, tafuta cha silinda hiyo, kama koili au noseli yake. Mgawanyo huu mmoja, wa zote au moja, hupunguza nusu ya kubahatisha. Lakini plagi zikichanganywa kwenye ndoo, mgawanyo huo unabaki nusu tu: utajua kwamba moja ni mgonjwa, ila hutajua imetoka chumba gani.

Msomaji makini atasema kwamba kusoma rangi za plagi ni elimu ya zamani, na kwamba rangi hudanganya. Ana haki kwa kiasi fulani. Picha nyingi za mafunzo ya plagi zinatokana na zama za petroli yenye risasi, ambayo majivu yake yaliacha rangi iliyokolea. Petroli ya leo huacha rangi hafifu zaidi, na gari likinguruma dakika kumi limesimama kabla ya kuzimwa, hata plagi nzima inaweza kupata masizi. Kuna pia ile pete ya kahawia kwenye kauri nyeupe ya nje, ambayo wengi huidhania ni moshi unaovuja, kumbe ni doa la kawaida la umeme wa volti kubwa. Hata hivyo pingamizi hili linaigusa plagi moja inaposomwa peke yake. Plagi nne zilizokaa injini moja, zikanywa petroli moja na kuzimwa dakika moja, ni jambo lingine. Kilichozipata zote kwa pamoja hakiwezi kueleza kwa nini ya tatu haifanani na wenzake. Ushahidi wenye nguvu ni ile tofauti kati yao, na tofauti hiyo ndiyo hasa inayolindwa na kile kipande cha boksi.

Sasa tufuate moshi unakoelekea, maana injini na ekzosi ni mwili mmoja. Silinda inayomisi haikuchoma petroli yake. Petroli hiyo haipotei. Husukumwa nje pamoja na hewa, inafika kwenye masega, na huko inawaka. Masega katika magari mengi ni kauri yenye maelfu ya vijitundu, iliyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, na imeundwa kumalizia mabaki kidogo ya gesi, wala haikuundwa kuwa jiko. Joto likizidi, kauri huyeyuka na vijitundu huziba. Moshi ukikosa njia, injini hukosa pumzi: gari linapanda mlima kwa shida, mwendo hauzidi kiwango fulani hata ukikanyaga mpaka mwisho. Mtu akiyafungua masega akaona katikati yameyeyuka, ameshika ushahidi kwamba tatizo lilianza huko mbele, kwenye cheche au petroli. Akifunga masega mapya na kuiacha koili ileile mbovu, atayaua na hayo. Mpangilio wa tiba unapaswa kufuata mpangilio wa ugonjwa: koili kwanza, masega baadaye.

Hapa pana njia ya mkato iliyozoeleka, nayo ni kuyakata masega, kuyauza kwa ajili ya madini yake na kuunganisha bomba tupu. Wanaoitetea husema injini sasa inapumua. Ni kweli inapumua, kama mtu mwenye pua iliyoziba anavyopumua akifungua mdomo. Kilichoyeyusha kauri bado kipo, ila sasa hakuna tena kifaa cha kutoa taarifa. Na moshi uliokuwa ukisafishwa unatoka mbichi, unavutwa na abiria kituoni na mtoto anayetembea kando ya barabara. Tukumbuke pia kwamba masega hayakuweza kufanya kazi katika petroli yenye risasi, kwa kuwa risasi hufunika madini yake na kuyaua. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa 2006, na tarehe 30 Agosti 2021 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, likatangaza kwamba imekwisha duniani kote baada ya Algeria kuacha kuiuza. Ilichukua miaka mingi kupata mafuta yanayoyafaa masega. Kuyakata baada ya hapo ni kuitupa sehemu ya ushindi huo. Kwa hiyo ninaposema kufungua, nakusudia kutoa kilichochakaa ili kirudi kizima. Kuondoa kifaa ambacho kazi yake bado inahitajika ni jambo jingine, nami siliungi mkono.

Sailensa ya nyuma ina ushahidi wake. Petroli ni kaboni na haidrojeni, na haidrojeni ikiungua hutoa maji. Hesabu ya kemia inaonyesha kwamba lita moja ya petroli ikiungua hutoa maji yanayokaribia lita moja. Safari ikiwa ndefu, bomba hupata moto na maji hayo hutoka kama mvuke. Safari ikiwa ya kwenda sokoni na kurudi, sailensa haiwahi kupata moto wa kutosha, maji yanatuama tumboni mwake yakiwa na asidi kidogo ya moshi, na chuma kinaliwa kuanzia ndani. Kikulacho ki nguoni mwako. Sailensa kama hiyo ukiitoa na kuigonga, mabati ya kutu humwagika kutoka ndani ilhali nje bado ina rangi. Iliyoliwa kutoka nje ni tofauti: inamenyuka kwa matabaka, hasa kwenye viungo na hanga, na hiyo ni kazi ya chumvi. Chumvi hiyo yaweza kuwa ya upepo wa bahari, wa Tanga, Mombasa au Unguja, au ikawa imesafiri na gari kutoka mikoa ya theluji ya Japani, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi. Mwenye sailensa iliyoliwa kutoka ndani atasaidika kwa kulipa gari safari ndefu kila wiki, mwenye iliyoliwa kutoka nje kwa kuliosha chini kwa maji baridi. Wote wawili wakinunua tu sailensa mpya, kila mmoja atakuwa amelipia jibu la swali ambalo hakuuliza.

Mfano mwingine uko kwenye ile sehemu ya bomba inayopinda, wanayoiita fleksi. Imewekwa kwa sababu injini iliyolala kimapana huyumba mbele na nyuma kila unapokanyaga mafuta, na bomba lisilopinda lingevunjika. Injini mauntingi zikichoka, mpira ukachanika, injini huyumba kuliko fleksi inavyoweza kuvumilia. Fleksi hukatika, huchomelewa, hukatika tena. Anayeifungua mwenyewe hulazimika kulala chini ya gari na kutazama juu, na hapo ndipo mpira uliopasuka unapoonekana. Ufa ukiwa mbele ya sensa ya oksijeni, madhara yanaongezeka. Moshi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo hewa ya nje hunyonywa ndani kupitia ufa. Sensa inaonja oksijeni hiyo, inaiarifu kompyuta kwamba hewa ni nyingi, na kompyuta inaongeza petroli ambayo injini haikuihitaji. Mwenye gari analalamika kwamba gari linakunywa mafuta, sensa inabadilishwa, na gari linaendelea kunywa. Sensa ilisema kweli tangu mwanzo.

Mpaka hapa nimezungumzia vifaa, lakini hata nati na bolti zinazovishika zina la kusema, na hizo ndizo zinazowakatisha tamaa wengi. Bolti iliyokazwa ni kama springi iliyovutwa. Sehemu kubwa ya nguvu unayotia kwenye spana, karibu tisa ya kumi, huliwa na msuguano wa kichwa na wa uzi. Kutu ikiingia huzidisha, kwa kuwa kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilichoizaa, ikajibana ndani ya uzi kama kabari. Dawa yake ni muda. Jioni ya kwanza safisha uzi kwa brashi ya waya, tia mafuta ya kulegeza kutu, acha ilale. Asubuhi tia tena. Tumia boksi spana ya pembe sita, ile ya pembe kumi na mbili hula kichwa cha nati iliyochakaa. Kaza kidogo kwanza mpaka usikie imeachia, kisha legeza robo mzunguko, rudisha, legeza tena. Ukimaliza, angalia ni stadi gani za manifoldi, yaani bolti zilizosimikwa kwenye hedi, zilizokatika. Manifoldi ya sentimita 40 ikipanda joto kwa nyuzi 600 za Selsiasi hurefuka kwa karibu milimita 3, ilhali hedi ya alumini, ambayo maji huizuia isivuke sana nyuzi 100, hairefuki hata milimita moja. Mvutano huo hulimbikizana pembeni, ndiyo maana stadi za mwisho kulia na kushoto ndizo hutangulia kukatika. Ukikuta ya pembeni imekatika na gasketi ina mchirizi mweusi hapohapo, umepata chanzo cha ule mlio wa tak-tak-tak wa asubuhi ambao pengine ulihesabiwa kuwa ni valvu zinazogonga. Na kama ni ya katikati iliyokatika, uliza nani aliifunga mara ya mwisho na kwa nguvu kiasi gani.

Pingamizi la pili linahusu kompyuta. Magari ya sasa yana mashine ya kupima, husema watu, ya nini kuchafua mikono? Mashine hiyo ni msaada mkubwa na sioni sababu ya kuikataa. Lakini tusome inachosema. Kodi P0301 inasema silinda namba moja inamisi. Haisemi kama ni koili, plagi, noseli au valvu. P0420 inasema masega hayasafishi inavyotakiwa. Haisemi kama yamekufa kwa uzee, kwa petroli iliyowaka ndani yake, au kama ni uvujaji tu unaochanganya sensa. P0171 inasema hewa ni nyingi kuliko petroli, na haisemi hewa imepita wapi. Kodi hutaja mtaa, na nyumba lazima uitafute kwa miguu. Kifaa kilichofunguliwa kwa uangalifu ndicho kinachoonyesha mlango.

Pingamizi la tatu ni la haki zaidi: tunamnyang'anya fundi riziki. Ningekuwa nahubiri kwamba kila mtu awe gereji yake, lingekuwa na uzito. Lakini fundi aliye chini ya mwembe, mwenye magari matano yakimsubiri, analipwa kwa gari lililoondoka, halipwi kwa nusu saa ya kuitazama plagi. Kasoro iko kwenye namna tunavyomlipa, haiko kwenye ujuzi wake. Mteja anayefika na plagi nne zilizopangwa kwa namba, na kueleza kwamba shimo lilikuwa kavu na ncha ya tatu ilikuwa na oili, anamwondolea fundi kazi ya kubahatisha na kumwachia kazi inayomstahili, ile inayohitaji mkono na akili yake. Na asiyeweza kufungua mwenyewe anaweza kuomba kitu kimoja: kifunguliwe mbele yangu, na cha zamani nipewe mkononi, kwa mpangilio wake.

Pingamizi la mwisho ni hatari, nalo silijibu, nalikubali. Gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake linaweza kumwangukia aliye chini yake, na watu hufa hivyo. Jeki ni ya kuinulia tu. Kabla hujaingia chini, gari likae kwenye stendi za chuma, juu ya sakafu ngumu, magurudumu yaliyobaki chini yakiwekewa vizuizi. Ekzosi iliyotoka safarini huchoma nyama kabla hujavuta mkono, na plagi kwenye hedi ya alumini yenye moto huweza kung'oka na uzi wake, kwa hiyo injini ipoe kabisa, ikiwezekana usiku kucha. Injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa, kwani monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu. Waya wa hasi wa betri utolewe kwanza. Miwani ivaliwe, maana kutu hudondokea machoni. Na mipaka ijulikane. Plagi, koili, chujio, sensa ya oksijeni, hanga, sailensa na gasketi ya manifoldi ni kazi za nyumbani. Kufungua hedi, kugusa mkanda au cheni ya taimingi bila mwongozo wa injini ile, kukata kwa gesi karibu na tangi la mafuta, hizo si kazi za nyumbani, na kuzikimbia si woga. Stadi ikianza kujinyonga kama mpira badala ya kulegea, acha. Ukiikata, kazi ya saa moja inageuka ya siku mbili.

Baada ya yote hayo kinabaki kitendo kidogo. Kabla ya kufunga kifaa kipya, kiweke juu ya boksi kando ya kile cha zamani, chini ya mwanga mzuri. Linganisha urefu, uzi na namba, hasa katika soko lenye spea feki nyingi. Kisha tamka kwa sentensi moja kwa nini cha zamani kilikufa: plagi ya tatu ilikosa cheche kwa sababu koili yake ilipasuka, fleksi ilikatika kwa sababu mauntingi ya nyuma imechanika, sailensa imeoza kutoka ndani kwa sababu gari haliendi mbali. Ukiweza kuitamka, ulilotafuta umelipata, na kifaa kipya kitaingia kwenye gari tofauti na lile lililokiua cha kwanza. Ukishindwa, usifunge bado. Kirudishe cha zamani chini ya mwanga, ukitazame upya.